Barakoa za Maalim Mahmoud

Jumatatu, 12 Aprili 2021

Mwezi umeandama, ingawa hapa Mbuya hatukuuona kwa mawingu, tumetangaziwa redioni. Daftari hili nimelinunua kwa sababu Ramadhani ya mwaka jana ilipita misikiti imefungwa, kila mtu kajifungia kwake, nami nikasahau nusu ya yale niliyotaka kuyashukuru. Mwaka huu sitaki kusahau.

La kwanza la kushukuru: mume wangu Mahmoud yuko hai. Ana pumu tangu utotoni, umri umekwenda, na ugonjwa huu wa korona unavipenda sana vifua vya namna yake. Mwaka mzima nimemlinda kama yai. Kazi yake ni kusomesha Kurani, watoto asubuhi na watu wazima jioni, maana yake anashinda mbele ya vinywa vilivyo wazi. Kwa hiyo barakoa ni lazima, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Yeye anasema inambana. Mimi nasema kinachombana ni ubishi.

Zile za kununua alizikataa, anasema zinanuka duka la dawa. Basi nimemshonea mwenyewe, kwa kitambaa kilichobaki kwenye kanzu yake ya Idd, nyeupe, safu mbili, na mpira laini usiomchubua masikio. Leo nimeweka chetezo chini ya tenga, nikatandaza juu yake kanzu na barakoa, nikafukiza udi kama mama alivyofukiza nguo za baba. Nguo ya mwanamume wa nyumba yetu haitoki nje bila udi. Wazee wetu walifika Buganda na misafara ya pwani wakiwa na vitambaa na shanga. Vitambaa na shanga vimekwisha, udi umebaki.

Mahmoud ameinusa barakoa yake, akatabasamu, akaivaa, akaenda tarawehe bila neno. Alhamdulillahi.

Alhamisi, 15 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nguo hazikauki. Nazi niliyonunua nusu yake ilikuwa mbovu. Nusu iliyobaki imetosha mihogo ya futari.

Ijumaa, 16 Aprili

Mahmoud amerudi kutoka sala ya Ijumaa anahema. Alikaa barazani muda mrefu, mkono kifuani, kifua kinapiga mluzi. Nikamwambia ni baridi ya mvua. Akasema, "Huenda."

Jioni mdogo wangu Shakib akaja kufuturu. Ana duka la simu mjini na anakaa nyumba ya chini ya barabara, kwa hiyo chakula chetu kinamfikia kwa harufu. Hajaketi vizuri, simu imeshatoka mfukoni. Ametuonyesha video ya mtu aliyevaa koti jeupe, sijui daktari wa wapi, anasema barakoa inarudisha sumu ya pumzi mpaka kwenye ubongo.

"Shemeji, unavuta hewa uliyokwisha kuitoa," Shakib akamwambia Mahmoud. "Ni sawa na kula chakula ulichokitema."

Nikamwambia habari za chakula kilichotemwa haziongelewi watu wakiwa mkekani. Mahmoud akacheka, lakini nilimwona anaitazama ile barakoa yake pale msumarini. Shakib ana hatari moja: anasema uongo kwa sauti ya mtu anayekupenda. Hata hivyo nashukuru kifua kimetulia kabla ya tarawehe.

Jumatatu, 19 Aprili

Olweny ameleta makaa. Huyu ni kijana wa bodaboda, baba yake alikuwa askari hapo juu kambini, na Kiswahili chake ni kilekile cha kambini. Barakoa yake iko kidevuni. Nikamuuliza inamlinda kidevu na nini.

"Mama, mimi navaa hii masiki juu ya polisi tu," akasema. "Ukivaa sana iko namaliza mapafu. Jirani yangu alivaa, alianguka."

"Alianguka wapi?"

"Alianguka tu. Watu walisema."

Vera alikuwa anafua karibu na bomba akasikia yote. Vera Awiti ni mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, muuguzi, Mjaluo wa Kisumu, na kanisani kwao ndiye anayeongoza nyimbo. Akamwambia Olweny, "Mimi huvaa kutoka asubuhi mpaka jioni, na nikitoka kazini naenda kuimba kwaya. Hewa inapita kwa kitambaa bila shida. Mate ndiyo haipiti."

Olweny akasema Vera anatetea mwajiri wake. Vera akamrushia maji ya povu. Nilipobaki na Vera nikamwambia amweleze na Maalim, maana Maalim anamheshimu. Akafikiri kidogo. "Nitamwambia, Mama. Lakini sitamdanganya. Kuna watu wa pumu wengine inawasumbua kweli. Lazima tuangalie ni nini haswa inamsumbua."

Sikulipenda jibu hilo. Nilitaka mtu wa upande wangu.

Ijumaa, 23 Aprili

Tena. Amerudi kutoka msikitini anahema kuliko wiki iliyopita. Amevuta dawa yake ya kopo, akalala mpaka alasiri. Nilidhani barakoa imeanza kunuka jasho, ndiyo maana inamkera, kwa hiyo nimezifua zote kwa maji moto. Zitakapokauka nitazifukiza vizuri zaidi. Nina udi mzuri alioniletea binti yetu Raisa alipokuja kutoka Jinja. Nilikuwa nauweka kwa ajili ya harusi ya mtu. Mume ni zaidi ya harusi ya mtu.

Jumanne, 27 Aprili

Mvua. Mahmoud mzima. Wanafunzi wamehitimisha Juzuu Amma, tumewapikia kaimati.

Ijumaa, 30 Aprili

Wiki hii nimeamka kabla ya daku kuufukiza ule udi wa Raisa, na juu yake nikatia tone la mafuta ya waridi kwenye kila barakoa. Zilinukia mpaka Vera akauliza kuna nini nyumbani.

Mahmoud karudi kashikwa vibaya. Kwenye ngazi alisimama, akaivua barakoa, akaiweka mfukoni kwa upole kana kwamba hataki isikie, akasema, "Mama Raisa, kitu hiki hakinifai."

Shakib alikuwepo. Ndugu yangu alinitazama tu, na mtazamo wake ulikuwa video nzima.

Nikamwita Vera. Akaja na kile kidude cha kubana kidoleni, kinachosoma hewa iliyomo kwenye damu. Kifua kilipotulia, akampa Mahmoud barakoa ya karatasi ya kule zahanati, akamtembeza uani, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtu anayemzoesha mtoto kutembea. Kipimo hakikushuka hata kidogo.

"Mzee Shakib, njoo uone," Vera akasema.

"Hicho nacho kimetengenezwa na haohao wanaouza barakoa," Shakib akajibu, wala hakuinuka.

Mahmoud akasema ile ya karatasi si mbaya, labda angeijaribu darasani. Nikasema haya, ajaribu, mimi nani, nimeshona tu. Nikaenda jikoni.

Jumapili, 2 Mei

Mahmoud amerudia barakoa zangu. Hakusema kwa nini. Nimefurahi, na udi nimeuongeza.

Alhamisi, 6 Mei

Jua kidogo. Nimeanika magodoro.

Alhamisi, 13 Mei, Idd

Naandika jioni.

Asubuhi nilimtayarisha kama bwana harusi. Kanzu mpya, koti, na barakoa iliyokaa juu ya chetezo tangu jana yake. Nilipomfungia nilimwona anafumba macho. Nikadhani ni furaha ya Idd. Wakaondoka yeye na Shakib kwa gari la Shakib, nami nikabaki na pilau.

Pilau halijaiva, Olweny akaingia uani na pikipiki kwa kishindo. "Mama, Maalim imemushika. Amepelekwa kwa Vera."

Nilipanda pikipiki yake nimevaa kanga mbili na ukaya wa jikoni kichwani. Zahanati anakofanya kazi Vera iko mteremko wa upande wa pili. Nilipofika, nilimkuta Mahmoud amekalishwa kitini, midomo ina rangi ya majivu, usoni kafungwa kile kikombe cha mvuke wa dawa. Shakib amepiga magoti mbele yake, koti lake la Idd limechafuka matope yote, ameishika mikono ya Mahmoud na anavuta pumzi kwa nguvu ili Mahmoud amfuate. "Vuta, shemeji. Toa. Vuta." Vera akaniambia Shakib ndiye aliyembeba mgongoni kutoka kwenye safu za sala mpaka kwenye gari, kwenye tope, watu wengine wamekaa mbali wakiogopa kuwa ni korona. Hakuwa na barakoa wala hakuuliza kama ni korona.

Mwezi mzima nilikuwa nimemfanya adui yangu. Nilikaa kwenye benchi nikalia, na nikamshukuru Mungu kwa mdogo wangu na kwa mgongo wake.

Jioni Mahmoud karudi, kadhoofika lakini anapumua. Tukala pilau lililoshika chini. Kisha akasema, taratibu, mbele ya Shakib na Vera, kwamba kuanzia leo hatavaa barakoa tena, na anaomba asilazimishwe. Vera akamuuliza ni nini hasa alichokisikia. Mahmoud akanitazama, akamtazama Vera, akasema, "Inanibana tu, mwanangu."

Shakib hakujigamba. Alisema tu, "Dada, umeona mwenyewe."

Jumamosi, 15 Mei

Mvua ya mawe. Mahmoud kasomesha bila barakoa.

Alhamisi, 20 Mei

Bila barakoa. Kifua kizuri kabisa. Ndilo linaloniudhi.

Jumatano, 26 Mei

Vera amerudi kutoka kazini hana sauti. Anasema ugonjwa umeingia upya na safari hii una haraka. Wanawajia vijana wenye nguvu zao. Mtungi wa oksijeni unatafutwa mjini kama sukari ya zamani zile za magendo. "Mama, Maalim avae kitu," akaniambia. "Chochote. Mimi nitapiga magoti, ikibidi."

Nimemwambia Mahmoud. Akanisikiliza kwa adabu, akaenda kusalia jeneza la mwalimu mwenzake, uso wazi.

Jumatatu, 31 Mei

Jeneza jingine. Kaenda. Nilikaa dirishani mpaka aliporudi. Sasa najua jinsi inavyokuwa kumwogopea mtu anayetoka kwa miguu yake, mzima, akisema anarudi hivi punde.

Jumatano, 2 Juni

Leo ndiyo siku ya kuandika.

Nilitaka kwenda kwa fundi cherehani. Barakoa zangu zote zilikuwa mbichi kwenye kamba, maana mvua inajifanya imeisha kisha inarudi. Za kwangu huwa sifukizi. Mwanamke hatoki na manukato njiani, hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nikafungua sanduku la Mahmoud, nikachukua moja ya zake zilizokaa humo tangu Idd, nikaivaa, nikaanza kupanda kilima.

Sikufika hata pale barabara inapokuwa nyembamba. Kwanza macho yaliniwasha. Kisha nikawa kama nimetumbukiza kichwa ndani ya chetezo na mtu kanifunika. Kila nikivuta, nilivuta moshi. Mimi sina pumu, sijawahi kuwa nayo, na nilikaa chini kwenye jiwe la mwenye genge la nyanya nikikohoa mpaka mwenye genge akasogeza nyanya zake. Nikaivua. Hewa ikaingia. Nikaiweka tena puani kidogo, kuhakikisha. Udi wa Raisa, mafuta ya waridi, na chini yao udi wa zamani, na wa kabla ya huo. Nilikuwa nafua, nafukiza, nafua, nafukiza.

Kanzu iliyofukizwa iko mbali na pua, mtu anatembea na hewa inapita. Kitambaa hiki nimemfunga mgonjwa wa pumu mdomoni na puani, na kila alipolalamika nikaongeza udi ili apendezwe. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya udi mwingi. Ijumaa ndiyo iliyokuwa ikimshika.

Nimekaa kwenye jiwe lile nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Nilikaribia kumuua siku ya Idd, kwa mikono yangu, kwa mapenzi.

Alhamisi, 3 Juni

Sijamwambia.

Kichwa changu kimeshinda kinafanya hesabu za kijinga. Nikisema, Shakib atatangaza mji mzima kwamba barakoa ilikuwa inamdhuru shemeji yake, na dada yake mwenyewe amekiri. Atakuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu ilimdhuru. Olweny atampa na jirani aliyeanguka. Nisiposema, naweza kumpa Mahmoud barakoa mpya zisizo na udi na kudai ni kitambaa kingine. Lakini hatazivaa. Ameapa, na hana sababu ya kuamini kuwa hizi hazitambana. Hakuna njia ya kumfunika uso isipokuwa niufunue wa kwangu.

Ijumaa, 4 Juni

Nimemwambia.

Nilimngoja amalize kunywa chai. Nikaweka sanduku mbele yake, nikaeleza yote, jiwe la mwenye nyanya na yote. Nilitegemea ashangae. Alikaa anazungusha kikombe.

"Nilijua ni udi," akasema. "Tangu Ijumaa ya pili."

Nilidhani sikumsikia. Nikamwambia arudie.

"Nilijua, Bi Kulthum. Ile ya Vera haikunifanya kitu."

"Na kwa nini hukusema?"

"Umefunga, umeamka kabla ya daku, umeinama juu ya moshi kwa ajili yangu. Nikwambie nini? Nilipovaa ile ya karatasi ulininunia siku mbili."

"Kwa hiyo ukailaumu barakoa mbele ya watu wote."

"Barakoa hainuni," akasema.

Nilikasirika. Mwanamume mzima, Maalim, alikuwa tayari kufa kwa adabu. Nikamwambia hivyohivyo, na mengine ambayo siyaandiki. Nilimwambia pia kwamba amewaacha Shakib na Olweny waamini upuuzi kwa sababu ya kuogopa uso wangu. Akainamisha kichwa akasema hilo ni kweli na ni kosa lake, na kwamba alidhani yeye ndiye pekee atakayelilipa. Kisha tukacheka mpaka Vera akagonga mlango kuuliza kama Maalim kashikwa tena.

Vera aliposikia alikaa chini palepale kizingitini. "Mimi nilipima mtu," akasema. "Sikupima kitambaa." Amesema kwa mgonjwa wa pumu moshi na manukato ni vibaya hata bila barakoa, na chetezo sasa kihamie nje kabisa. Nimekubali. Kanzu zitanukia sabuni.

Alasiri nimeshona mpya, kitambaa cha pamba kilichochakaa na kulainika, safu mbili, hazinuki kitu. Amevaa moja akaenda sala ya Ijumaa. Nilikaa barazani. Aliporudi alipanda ngazi zote bila kusimama, akaanza kunisimulia hotuba kabla hajafika juu. Sijapata kusikia hotuba nzuri kama ile, na sikusikia neno hata moja.

Jumamosi, 5 Juni

Maziko ya jirani wa Shakib. Wamekwenda pamoja kwa gari lake, vioo vimefungwa kwa mvua. Mahmoud na barakoa, Shakib uso wazi.

Jumatatu, 7 Juni

Misikiti na shule zimefungwa tena tangu leo. Mahmoud anasomesha kwa simu. Naye ananuka sabuni.

Alhamisi, 10 Juni

Shakib anaumwa. Anasema ni malaria.

Jumapili, 13 Juni

Si malaria. Vera alimbana kidole kwa kile kidude chake, akakitazama, akamtazama Shakib, akapiga simu. Wamempeleka hospitalini. Olweny alitangulia na pikipiki kusafisha njia, barakoa imepanda mpaka chini ya macho. Shakib hakuweza kumaliza sentensi. Aliniambia "dada" mara mbili, la tatu likakatika.

Jumatano, 16 Juni

Yuko kwenye oksijeni. Haturuhusiwi kuingia. Mahmoud anamsomea Yasini kwa simu, muuguzi anaiweka karibu na sikio lake. Mahmoud mwenyewe hana hata mafua, ingawa walikaa kwenye gari moja. Nimemuuliza Vera kama ni barakoa iliyomkinga. "Siwezi apa, Mama," akasema. "Imesaidia, naamini. Lakini kuapa siwezi." Zamani jibu lile lingeniudhi. Sasa naona ndiyo maana namwamini.

Ijumaa, 18 Juni

Magari yamekatazwa barabarani. Kimya mpaka nasikia muadhini akisoma adhana ya msikiti mtupu.

Jumanne, 22 Juni

Bado.

Jumamosi, 26 Juni

Bado. Nimefuta picha zote za kwenye simu yangu isipokuwa zake, ili nikiifungua nimwone yeye tu. Hata zile video zake za makoti meupe nimeziacha. Namwomba Mungu anirudishie mbishi wangu.

Alhamisi, 1 Julai

Amekula uji. Amewauliza wauguzi kwa nini dada yake hajaleta pilau. Nilikaa chini sakafuni jikoni, nikashukuru mpaka sauti ikanikauka.

Jumanne, 20 Julai, Idd

Tumesali nyumbani. Asubuhi Shakib amepanda kutoka nyumba ya chini kwa miguu, akipumzika kila hatua chache, fimbo mkononi. Amekonda, shati linamning'inia. Amevaa barakoa, imebana vizuri puani. Hakuizungumzia, nami sikuizungumzia.

Mahmoud ndiye aliyemsimulia habari ya udi. Mimi nilikuwa nachambua nyama, nikamwacha aseme yote. Shakib alisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia.

"Kwa hivyo, dada, barakoa ilikuwa inamdhuru shemeji."

Vera akafungua mdomo. Nikamgusa goti.

"Ndiyo," nikasema. "Zile zangu zilikuwa zinamdhuru."

"Na mimi nilisema."

"Ulisema."

"Tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo, Shakib."

Alifurahi vibaya sana. Alicheka mpaka akakohoa, na hakuivua barakoa. Aliyasema yote hayo kutoka ndani yake, na macho tu ndiyo yaliyoonekana, yakinisimanga. Nimegombana na mtu huyu tangu alipokuwa anatambaa, na sikumbuki kama nimewahi kumwachia hoja hata moja. Nimemwachia hii, na kipande kikubwa cha nyama juu yake. Amekaa mkekani kwangu mpaka alasiri akinicheka, nami nimemshukuru Mungu kila alipocheka.